Tiara Yenye Pindo

Mara ya kwanza Fundi Pindo kuingia katika duka la vifaa vya shule la Mama Rula, hakuja kununua. Alikuja kuomba baraza. Alisalimia mara mbili, akausifia mwanga wa pale nje, akasema cherehani yake ikikaa hapo wateja wataongezeka kwa wote wawili.

"Wangu wananunua madaftari," Mama Rula alimjibu. "Hawaji kupimwa viuno."

Mama huyu aliitwa Rula kwa kuwa hata karatasi ya kufungia zawadi aliikata kwa rula, isizidi unywele. Naye fundi, Mama Rula alimjua kwa sifa zake: hakuna kitu kilichotoka mezani kwake bila kukunjwa ukingo mara mbili. Leso, mifuko ya sokoni, hata vitambaa vya kufutia ubao, vyote vilikuwa na pindo. Kazi hiyo yote aliifanya katika chumba cha uchochoroni chenye kidirisha kimoja, na giza lilikuwa limeshaanza kumla macho. Asipopata mahali penye mwanga, angeiacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Hakulisema hilo. Mama Rula aliliona alipomkuta akiisoma bei ya penseli kwa pua.

Wiki hiyohiyo fundi akarudi, safari hii akitafuta karatasi nyembamba ya kumtengenezea mjukuu wake tiara.

"Wewe na tiara wapi na wapi?"

"Dada yangu, zangu zilikuwa zikipaa mpaka watu wanaumwa shingo."

"Basi karatasi chukua bure." Fundi alishtuka, neno hilo halikuwahi kusikika dukani humo. "Ikipita juu ya tangi la maji la jirani, baraza lako. Isipopita, unanishonea mapazia ya duka na ya nyumba nzima. Kitambaa changu, mkono wako."

"Nimekubali."

Jumamosi nusu ya mtaa ilikuwa kwenye uwanja nyuma ya duka. Fundi alifika na tiara, mkewe nyuma akiwa ameushika mkia wa vitambaa usiguse vumbi. Vijiti vyake viwili vya mwanzi vilikuwa vyepesi, vimefungwa msalaba barabara. Lakini karatasi! Ameikunja ukingo mara mbili, kisha akaipitisha kwenye cherehani pande zote nne, mishono midogo, imenyooka. Hakuna tiara iliyowahi kuvaa vizuri vile.

"Baba, hii tunairusha au tunaipeleka kupigwa picha?" mkewe akauliza.

Upepo uliinyanyua kimo cha mtu, kisha ikalia chwaa! Karatasi ilichanika kwa kufuata matundu ya sindano, kama tiketi. Mtaa ukacheka.

"Madirisha sita, fundi," Mama Rula akasema. "Bila kuhesabu ya duka."

"Tulisema tiara. Hatukusema tiara ya kwanza."

"Karatasi ya pili si ya bure. Mapazia ya duka utashona, ipae isipae."

Fundi akanyoosha mkono kuipokea. "Sawa. Lakini gundi juu yako."

Hapo Mama Rula akampenda kidogo. Mtu anayezama na bado anadai gundi, huyo unaweza kufanya naye biashara.

Fundi akapiga magoti, akaipaka karatasi mpya gundi, akakunja ukingo juu ya uzi uliozungushwa kwenye ncha za vijiti. Vidole vikaanza kukunja tena. Mkewe akavipiga kofi. "Mara moja!" Akaacha, akaitazama kazi yake kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo.

Gundi ilipokauka, wakaiachia. Ilipanda ikiyumba, ikajiweka sawa, ikaendelea kwenda.

"Imepita?" fundi akauliza, macho ameyafinya.

Mama Rula alifikiria kusema bado. Lakini mtaa mzima ulikuwa na shingo juu.

"Imepita," akasema. "Acha kuringa."

Jumatatu cherehani ilikuwa barazani. Mama Rula alipata mapazia ya duka, yenye pindo za kumzika mtu, na akapoteza usingizi wake wa mchana, maana mashine hiyo haina adabu. Madirisha sita ya nyumbani yapo wazi mpaka leo. Fundi alimkosa mteja mmoja aliyekuwa akimfuata uchochoroni kwa kificho, asiyetaka kuonekana akiongezewa kiuno cha suruali. Lakini sindano anaitunga uzi kwa jaribio la kwanza.