Neno "Mume" Lilivyonipeleka Kolwezi

Safari hii ilianza na kazi niliyoifanya nikiwa nimekaa. Mimi ni mtafsiri, mkazi wa Morogoro, na kwa miezi mitano nilikuwa nikitafsiri kwa Kiswahili gemu moja iliyotengenezwa na vijana wa ng'ambo. Ndani yake mchezaji ni tarishi. Kijiji kinakaribia kufunikwa na maji ya bwawa, watu wanahamishwa, naye anapita nyumba kwa nyumba akigawa barua za mwisho. Katika nyumba mojawapo wanaishi wazee wawili wanaume, Teo mwoka mikate na Bramu fundi saa. Teo ni mgonjwa. Tarishi anamwuliza Bramu, "Huyu aliyelala ni nani wako?" na katika maandishi ya asili Bramu anajibu, "Ni mume wangu, miaka thelathini sasa."

Nilipofika hapo nilinyanyuka nikaenda kunywa maji. Nikarudi, nikaenda kunywa tena. Baada ya glasi ya tatu niliandika, "Ni ndugu yangu, miaka thelathini sasa." Kisha nikawatumia wenye gemu maelezo marefu yaliyotaja mila, hisia za wachezaji na hata maumbo ya maneno, nikihitimisha kwamba Kiswahili hakina neno la jambo hilo. Neno lenyewe lina herufi nne, na mama yangu alilitumia kila siku ya Mungu kumlalamikia baba. Ukweli ni kwamba jina langu lingeandikwa mwishoni mwa gemu, na shemeji yangu ni mzee wa kanisa.

Wenye gemu walinishukuru kwa elimu hiyo. Wakasema kabla ya kuitoa wangependa nikaitazame ikichezwa na waswahili wa mbali. Walikuwa wamewasiliana na mama mmoja mwenye chumba cha gemu Kolwezi, huko Kongo kwenye shaba. Nilikubali siku hiyohiyo. Nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda kama mtaalamu. Akaniuliza kama wataalamu hufua soksi zao wenyewe.

Jumapili alfajiri nilipanda basi Msamvu nikiwa na sanduku, tai mbili na barua inayonitambulisha kama "mtaalamu wa lugha". Tai moja niliivaa. Hadi Tunduma ilikuwa imeshaniachia alama shingoni, na hakuna aliyeniuliza utaalamu wangu ni wa nini. Zambia tuliivuka siku nzima na zaidi, na kumbukumbu yangu kubwa ya nchi ile ni goti la abiria wa nyuma yangu.

Jumanne adhuhuri tulifika mpakani Kasumbalesa. Malori yalikuwa yamepanga foleni isiyo na mwisho, mengi yakiwa na namba za kwetu. Ofisa mmoja mama alichukua pasipoti yangu, akanitazama, akauliza, "Uko paka weye?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba sina paka, na kwamba sikusafiri na mnyama wa aina yoyote.

Aliita mwenzake. "Kuya usikie! Huyu tata anasema hana paka!"

Ndipo nilipofahamishwa kwamba kwao "tata" ni "baba" na "paka" maana yake ni "tu", na mama aliuliza tu kama nasafiri peke yangu. Akaisoma barua yangu ya utambulisho kwa sauti, mpaka kwenye "mtaalamu wa lugha", wakacheka wote wawili hadi foleni nyuma yangu ikaanza kucheka bila kujua sababu. Alinigongea muhuri huku akipangusa machozi.

Jumatano, baada ya kulala Lubumbashi, nilishika basi la Kolwezi. Baada ya Likasi vumbi lilikuwa jekundu hadi juu ya majani ya miti, na kila dakika tulipishana na lori lililobeba mabamba ya shaba. Saa tisa nilishuka sokoni Manika, nikapanda pikipiki, sanduku likiwa mapajani mwa dereva, hata sijui alikuwa akionaje njia. Alinishusha Kasulo.

Mnaosoma nyumbani hamtaniamini kuhusu Kasulo. Ni mtaa wa kawaida, nyumba za tofali, kamba za nguo, kuku. Ila katikati ya ua, au sebuleni, au palipokuwa jiko, kuna turubai limetandikwa juu ya shimo. Watu waligundua madini ya kobalti chini ya nyumba zao wakachimba hapohapo walipolala. Sasa kampuni moja ilikuwa imepewa eneo, na kuta nyingi zilikuwa na namba za rangi nyekundu. Mwenye namba alijua kwamba siku moja ataambiwa ahame.

Mama Mbuyi, mwenyeji wangu, alikuwa na namba mlangoni. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, wazazi wake ni watu wa Kasai walioletwa zamani kufanya kazi migodini. Yeye alizaliwa Kolwezi. Alipokuwa msichana wakafukuzwa wote wenye asili ya Kasai, akapandishwa treni kupelekwa "kwao", mahali ambapo hakuwahi kupaona. Miaka ikapita, akarudi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na televisheni nne, zikiwa zimeegeshwa kwa vipande vya mbao kwa sababu sakafu ilikuwa imeinama upande wa jirani.

"Karibu, tata," alisema. "Usitembee sana upande ule. Chini hakuna kitu."

Alhamisi asubuhi gemu ilianza kuchezwa, nami nilikaa kwenye kona na daftari. Aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa mwendesha pikipiki mmoja ambaye hakuvua helmeti yake. Saa tano alifika nyumba ya wazee. Alisoma kwa sauti: "Ni ndugu yangu, miaka thelathini sasa." Akahesabu kwa vidole.

"Na mbele ya ile miaka makumi tatu," akauliza, maana "mbele" kwao ni "kabla", "alikuwaka nani?"

Chumba kililipuka kwa kicheko. "Pengine balimununua!" alisema mmoja. "Ndugu, nyumba iko na vyumba bitatu, na banalala mu kitanda moja?" alisema mwingine. Mama Mbuyi hakuinua hata macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Ile haiko ndugu," alisema. "Ile ni bwana yake. Hata kipofu anaona."

Kumbe miezi mitano ya ufundi wangu ilikuwa imedumu kama dakika moja.

Mwenye helmeti aliweka pedi chini. "Basi mi sipeleke barua yake." Akatoka nje. Lakini gemu haisogei barua ile isipofika, na baada ya dakika tano alirudi. "Napeleka," alisema, "lakini siwasalimie." Alipeleka. Bramu akawa anamlisha Teo uji, kijiko kwa kijiko. Mwenye helmeti alitazama hadi bakuli likaisha. "Huyu muzee anamulishaka muzuri," alisema, akaendelea na nyumba inayofuata. Mimi niliandika kwenye daftari kitu chenye neno "mapokezi", ili nionekane nafanya kazi.

Alasiri, wachezaji walipoondoka, nilibaki na Jeremi, fundi wa mashine za Mama Mbuyi na mpangaji wake, mtu mpole wa miaka thelathini hivi. Alikuwa akichomelea waya wa pedi. (Jina hili silo lake, wala kazi hii; la mwenzake, mtakayekutana naye punde, vilevile. Alizisoma kurasa hizi kabla yenu.)

"Tata, mi nilichezaka ile ya Kifaransa," alisema. "Kule banaandika mume. Weye umeandika ndugu. Juu ya nini?"

Nilimpa hotuba yote, mila, hisia, maumbo ya maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, hakuacha kuchomelea.

"Mu nyumba hii," alisema, "mi na Fideli tunasemaka tuko bakuzini, mabinamu. Miaka saba. Tunasema vile juu tunataka kuishi. Weye, nani alikuwa anakufukuza?"

Aliyenijia akilini ni shemeji yangu, mtu mwembamba anayeogopa kuku. Nikaona aibu kumtaja.

"Ile siku naona kwa Kifaransa," Jeremi aliendelea, "nilimuita Fideli. Tulikaa kuangalia pale Bramu anamutilia Teo chai. Hakuna kitu ingine inapitaka pale. Paka chai. Tulirudilia mara tatu."

Ijumaa asubuhi, nikiwa napiga mswaki uani, jiko la jirani lilizama. Halikuanguka, lilishuka, na sufuria ya maharage ikiwa mekoni. Mwenyewe alikuwa sokoni, ashukuriwe Mungu. Watu wote walikimbia kuelekea barabarani. Mimi, mtaalamu, nilikimbia kuelekea shimoni. Nilivutwa nyuma kwa tai na mwanamume mrefu niliyekuwa nimemwona mara moja tu, akishona nguo kwenye baraza. Huyo ndiye Fideli. Alinikalisha ukingoni mwa barabara, akanilegezea tai ili nipumue, akasema, "Tata, kwa nini unavaaka hii kitu asubuhi?"

Mchana gari la kipaza sauti lilipita. Mtaa si salama tena; wenye namba wote watahamishwa kesho, malori yatakuja, na leo kila mtu apange vitu vyake.

Jumamosi saa mbili karani aliweka meza chini ya ukuta. Utaratibu ulikuwa kwamba familia zitaandikwa na kupewa viwanja nje ya mji. Wapangaji wajitafutie. Mama Mbuyi alipofika mezani, karani aliwaonyesha Jeremi na Fideli kwa kalamu. "Na hawa?"

"Tuko bakuzini," alisema Jeremi.

"Kuzini ya upande gani? Jina ya nkambo yenu?"

Walijibu kwa pamoja, kila mmoja akataja babu tofauti.

Karani akaweka kalamu chini. "Bapangaji. Pembeni."

Jeremi angeweza kupata chumba Manika kwa fundi mwenzake, chumba cha mtu mmoja. Fideli angerudi kwa mama yake, huko Musumba, siku kadhaa za barabara mbovu. Walikuwa wameshayazungumza, Fideli alikuwa na mfuko wake begani. Hawakutazamana. Jeremi alikuwa akikunja waya uliokwisha kukunjwa.

Nami nikajitokeza. Nilikohoa nikaanza, "Mheshimiwa, kwa idhini yako, ningependa kutoa ufafanuzi kuhusu mahusiano ya—"

"Weye ni nani?"

"Mtafsiri."

"Haya, tafsiri. Hawa ni nani?"

Foleni nzima ilinigeukia. Neno nililokuwa nalo, la herufi nne, lingewaua pale pale mbele ya majirani. Lile jingine, "kuzini", lilikuwa limeshakataliwa. Nimeishi kwa maneno miaka ishirini, na siku yalipohitajika sikuwa na hata moja.

"Andika batoto yangu," alisema Mama Mbuyi.

Karani alitabasamu. "Mama, weye Mukasai. Huyu anatoka Musumba."

"Nimebazaa mi. Siku nazaa, weye ulikuwa pale?" Watu walianza kucheka, lakini yeye hakucheka. Aliweka viganja viwili juu ya meza. "Siku ile balitupandisha mu treni, kulikuwa meza kama hii. Banauliza jina ya nkambo, kama vile. Mi nimejibuka mara moja, inatosha. Andika."

Foleni ilikuwa ndefu na jua limepanda. Mwenye helmeti alipaza sauti kutoka nyuma, "Muzee, andika batoto ya mama, tupite!" Wengine wakaitikia. Karani akaandika majina mawili. Jeremi aliinama, akaanza kubeba televisheni ya kwanza. Fideli aliushusha mfuko begani akaenda kushika upande wa pili.

Mimi nilipewa kubeba mto. Lori lilipokuwa likifungwa kamba nilimsogelea Mama Mbuyi.

"Mama, ulijua?"

"Mi njo mwenye kufua mashuka yabo," alisema. "Miaka saba. Shuka moja." Akapanda mbele kwa dereva.

Jumapili nilianza kurudi, bila tai. Njiani nilipata muda wa kutosha kujisikia vibaya, na goti lilelile, au pacha wake, nyuma yangu. Nilijiuliza kwa nini "kuzini" ya Jeremi haikunikera na "ndugu" yangu ilinikera. Yeye alikuwa akilinda nyumba yenye watu wawili ndani. Mimi nilikuwa nimeingia katika nyumba ya watu wawili ambao hawakuwa hatarini hata kidogo, nikawatenganisha, kisha nikaiita kazi hiyo utamaduni. Hicho ndicho nilichojifunza, na ningeweza kukijifunza Morogoro bila viza.

Nilipofika niliwaandikia wenye gemu kwamba Kiswahili kina neno lile, kimekuwa nalo siku zote, na kwamba niliwadanganya; nikaambatisha mstari uliosahihishwa. Walijibu kwa upole, wakauliza kama ningependa jina langu liondolewe mwishoni. Ningependa kusema nilikataa papo hapo. Nilifikiri siku mbili. Halafu nikakataa.

Mvua zilipoanza Jeremi alinipigia simu. Kiwanja kipya kiko mbali na umeme unakuja unavyotaka, lakini televisheni tatu zinafanya kazi. Mama yake Fideli alikuwa amekuja kutoka Musumba kuwasalimia. Walimkalisha mbele ya gemu, Jeremi akamsomea: "Ni mume wangu, miaka thelathini sasa." Wao wawili walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake, hawajui waweke wapi mikono.

"Halafu?" nilimwuliza.

"Halafu akauliza, 'Na chakula, nani anapikaka?' Nikamuambia ni Teo, njo mwenye mikate. Akasema, 'Hapana. Hapa.'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema, ni mi, mama. Akamuangalia Fideli, kutoka kichwa mpaka miguu. Akasema, 'Njo maana mutoto wangu amekonda vile.' Kisha akaingia jikoni."