Goti la Mama Rula

Wanafunzi walimpachika jina la Mama Rula, na mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha baleti ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kwake mguu ulikuwa haujanyooka mpaka goti libonyee kwa nyuma.

"Sukuma nyuma!" alifoka. "Goti halina mdomo wa kulalamika!"

Aliyesema anaumia aliambiwa anadeka.

Siku wazazi walipoalikwa kutazama mazoezi, Mama Rula alisimama mbele ya kioo kuwaonyesha mfano. Akainua mguu mmoja, uzito wote akautupia kwenye kisigino cha pili, akalisukuma goti nyuma mpaka likakakamaa. Wakampigia makofi. Makofi yakampanda kichwani, akaongeza kidogo. Goti likalia ko! Akarudi kinyumenyume, akatua mapajani mwa baba wa mwanafunzi mmoja.

"Mwalimu, hapo pana mwenyewe," alisema mke wa yule bwana, kwa upole wa kutisha.

Hospitalini alipokewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la mwanawe.

"Shikamoo, mama. Goti halisukumwi. Kaza msuli wa mbele ya paja taratibu, kama unapandisha soksi ndefu. Umeona pia ya goti ilivyopanda? Haya, na msuli wa nyuma ya paja ukaze kidogo, ulizuie goti lisirudi nyuma. Ukisimama, uzito usiulaze kisiginoni, usambaze kwenye wayo mzima."

"Mbona halijanyooka?"

"Limenyooka, mama. Umezoea kuliona limepinda kwa nyuma."

Mama Rula alinuna hata mumewe akawa anakohoa kwa adabu. Lakini kila alipopiga mswaki, mlango ukiwa umefungwa, alipandisha ile soksi isiyokuwepo. Maumivu yakaanza kupungua.

Aliporudi ukumbini, alikunja uso. "Nani kawafundisha upuuzi wa kusukuma magoti?"

Wanafunzi wakaangalia sakafu. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kufa siku hiyo.

"Ukome leo! Kwangu hapa tunavuta mapaja juu."

Akapita mmoja mmoja, akigusa mapaja kwa ncha za vidole. Kwa msichana mmoja mwembamba alisita, akainama kwa shida.

"Hapa panauma?"

"Kidogo, mwalimu."

"Tangu lini?"

Msichana akalifunika goti kwa viganja. Mama Rula akamvutia kiti, akamkalisha mwenyewe. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa kidogo, kwa hiyo akawageukia wengine haraka na kuanza kufoka kuhusu mabega.