Wazee Saba, Wote Nambari Moja

Stellah Nanjala amepanga maandishi katika duka moja la uchapishaji River Road kwa miaka kumi na tisa. Kadi za harusi zilipopungua, alijifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Huandika maneno kwa alama nyepesi: nyota mbili kila upande ili neno likolezwe, alama ya reli mbele ya kichwa. Kisha huyabandika kwenye tovuti fulani ya bure, hubonyeza kitufe, na msimbo wa ukurasa hutokea upande wa pili. Wateja hudhani anausuka kwa mkono. Hajawahi kuwasahihisha.

Mwezi Machi alipata kazi aliyoitamani sana: ukurasa wa jumuiya ya familia zilizotoka Pwani. Angepewa kuutunza mwaka mzima, mradi wazee saba wa kamati waukubali wote.

Wazee hao walikuwa wamezozana miezi miwili kuhusu nani atangulie kwenye orodha, mpaka mwenyekiti, Mzee Hafiz, akaamua kila mmoja aandikwe nambari moja. Yeye mwenyewe, kwa adabu, alijiandika mwisho. Stellah alinakili vivyo hivyo: moja, nukta, jina, mara saba. Akabonyeza kitufe, akauweka ukurasa mtandaoni bila kuutazama, akaenda kunywa chai.

Tovuti ile ikiona orodha yenye nambari, huhesabu yenyewe. Chai ilipoisha, Mzee Twahir alikuwa wa kwanza na Mzee Hafiz wa saba.

Mzee Hafiz aliingia dukani ameishika simu kama mtu aliyemshika panya mfu mkiani.

"Binti yangu," alisema kwa upole wa kutisha, "mimi nimekuwa mkia tangu lini?"

"Mzee, hiyo ni mashine imehesabu. Si mimi."

"Na mashine imemjulia wapi Twahir?"

Stellah aliketi, akajaribu hili na lile. Jaribio la nne aliweka alama ya kijiti kilicholalia nyuma (\) kati ya moja na nukta, na tovuti ikaacha kuhesabu. Kufikia adhuhuri wazee wote walikuwa nambari moja tena, na sita walikuwa wameukubali ukurasa. Mzee Twahir peke yake alisema ule wa mwanzo ulikuwa na mpangilio bora zaidi.

Kesho yake alikuja, akakagua kadi za harusi mpaka wateja wengine wakaondoka. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, kama ukurasa ule wa mwanzo bado upo.

Ulikuwepo. Stellah aliuchapa kwa rangi kwenye karatasi nzito ya kadi, akautia ndani ya bahasha.

"Mzee Hafiz asiione hii," alimwonya.

"Ataionea wapi? Itakaa sebuleni kwangu, mtaa wa Jamhuri, na Hafiz hajakanyaga kwangu tangu tuanze kuzozana."

Akiwa bado amesimama pale kaunta, alitoa simu, akaiandikia kamati kwamba ameukubali ukurasa mpya kwa ajili ya umoja.