Jirani Aliyepima Bia Bila Kuionja

Habari ilinikuta sokoni Mwigobero nikibishana na muuza sato. Yeye alishikilia kwamba samaki ametoka ziwani asubuhi hiyo hiyo, mimi nimeshamtazama samaki machoni na kuona kwamba huyo ni wa jana, na katikati ya ubishi simu ikaita. Jirani mmoja wa mtaani kwetu Bweri aliniambia kwamba yule dada yetu wa maabara amefariki alfajiri, baada ya kuugua siku chache tu. Nililipa bei yote niliyokuwa naikataa, nikageuka kuondoka, na muuza samaki akalazimika kunifuata. "Mzee, umesahau mboga," akasema. Nilimpokea sato wake huku machozi yananitoka, na sioni aibu kuliandika hilo hapa.

Wanaosoma safu hii tangu zamani wamewahi kukutana naye humu bila jina, na leo pia sitamtaja, kwa sababu alikuwa mtu wa kujificha nyuma ya kazi yake. Alikuwa mkemia. Alizaliwa Butiama, akafiwa na wazazi akiwa bado mdogo, akalelewa na kaka yake mkubwa ambaye aliacha shule mwenyewe ili yeye asome. Alisoma mpaka mbali, akafanya kazi mbali, kisha akarudi mkoani na kuajiriwa kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi hapa Musoma, akajenga nyumba Bweri mkabala na yangu. Alipima maji ya visima, unga, mafuta ya kula, asali. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane mtaa mzima ilikuwa ya kupima bia, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja hata tone, kwa sababu kanisa lake haligusi pombe na yeye hakuwa muumini wa nusu nusu.

Mambo yalianza na mfanyabiashara mmoja wa Bunda aliyeleta vidonge vya virutubisho vilivyotengenezwa kwa maua ya hopsi. Hopsi ni yale maua ya ng'ambo ambayo viwanda vya bia huyatumia kuipa bia uchungu na harufu yake. Ndani ya maua hayo mna kitu cha rangi ya njano chenye jina refu, zanthohumoli, ambacho watafiti wa mataifa mbalimbali wanakichunguza wakiamini kwamba kinaweza kuusaidia mwili kwa namna fulani, ingawa bado hawajakubaliana kwa kiasi gani. Mfanyabiashara alitaka kujua vidonge vyake vina zanthohumoli ya kutosha kama kopo linavyodai. Dada yetu akakubali kupima, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali likiwa limelala, akaamua kupima na bia zinazouzwa mjini, aone ipi inayo na ipi haina.

Basi mtaa ukaanza kuona makreti. Alinunua bia za kila aina, akazipeleka maabara, na kwa kuwa mwenye duka alidai chupa zake, zile tupu zikarudi na kujipanga kwenye baraza ya nyumba yake zikisubiri kuchukuliwa. Haikupita wiki, mchungaji akaja kumtembelea. Nilikuwepo, maana nilimwona mchungaji akikata kona na nikajua hapa pana jambo la kushuhudia. Alizunguka sana kwenye maombi ya kufungulia mazungumzo, mpaka dada yetu akamwonea huruma. "Mchungaji, zile chupa naona zinakusumbua. Mimi bia naipimaga, siinywagi." Akamweleza kila kitu: jinsi anavyoimimina kwenye chombo na kuitikisa mpaka gesi yote iishe, maana mashine haitaki mapovu, jinsi anavyoichuja, jinsi anavyoifunika isipigwe na mwanga kwa sababu ile njano huharibiwa na mwanga. Mchungaji alisikiliza kwa makini sana, akamaliza chai yake, akainama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa katika hizo zote, mwanangu, ipi ndo nzuri?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo wengi wakamwita Mama Bia, na yeye akaitika.

Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kumwona akifanya kazi. Mashine yake ilikuwa sanduku la kijivu lililosukuma kimiminika kwenye bomba jembamba la chuma lililojazwa unga laini sana, na vitu vilivyomo ndani ya bia vikatengana humo, kila kimoja kikatoka kwa wakati wake na kuchora kilima kwenye skrini. Kilima kikubwa, kitu ni kingi. Kilima kidogo, kitu ni kidogo. Nilipomuuliza anajuaje kwamba mashine haimdanganyi, alinionyesha kichupa chenye maji matupu. "Unaanza na haya," alisema. "Ukipima maji matupu na skrini ikakaa tambarare, mashine ni safi. Ikichora kilima wakati hamna kitu, ujue unaona mabaki ya kitu ulichopima kabla." Nilimwambia kwamba siku moja nitaiba maneno hayo kwa ajili ya safu, akasema niibe tu, hayana mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kaka yake wa Butiama, yule aliyemlea, alikuwa mpenzi wa bia wa kweli, na madaktari walikuwa wamemwambia ini lake limeanza kuchoka na bia aiache kabisa. Aliiacha, akawa mnyonge. Wenzake wa rika wakikaa jioni, yeye anabaki nyumbani akisingizia ng'ombe. Ndipo mtu akamtumia kwenye simu moja ya zile sauti zinazozunguka kila siku, ikisema bia ina kitu cha njano kinacholinda ini. Akampigia mdogo wake. "Wewe ndo mwenye mashine. Nipimie, uniambie ukweli." Dada yetu alikuwa tayari anapima. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, ana vidonge vya Bunda vya kumaliza na bia za kumaliza, akapitisha vidonge, na mara baada ya vidonge akapitisha bia. Kilima kikatokea kikubwa, kizuri. Alifurahi mno akatoka nje kupiga simu. "Kaka, ipo! Tena ipo ya kutosha!" Jioni ile ile kaka akarudi kwa wenzake, akapokewa kwa vigelegele.

Siku chache baadaye, akiwa anarudia vipimo kwa utulivu, alipitisha vidonge, kisha akapitisha maji matupu kama alivyopaswa kufanya siku ile. Maji yakachora kilima. Vidonge vile vilikuwa vimekolea kiasi cha kuacha mabaki ndani ya mashine, na mabaki hayo ndiyo aliyoyasoma akidhani ni bia. Aliosha mashine siku nzima, akapima upya. Vidonge vyenyewe vilikuwa vigeugeu, kopo moja limejaa na jingine la katoni hiyo hiyo halina maana. Kuhusu bia, alichopata ni chembe tu, maana wakati wa kuipika moto huigeuza karibu zanthohumoli yote kuwa kitu kingine. Mtu angetafuta dawa humo angezama kwenye kreti kabla hajaipata.

Alikuja kwangu jioni hiyo uso umemshuka, akaniuliza kama bado nina safari ya Buhemba kesho yake kwa kazi zangu, na kama nitapitia Butiama. Nilimwambia apige simu tu, jambo lenyewe ni la dakika moja. Akatikisa kichwa. "Habari njema nilimpa kwa simu, nikakosea. Hii nampelekea mwenyewe. Butiama si mbali." Njiani, tulipopita Makutano, aliniambia kwamba hofu yake si kaka kukasirika, hofu yake ni kumkuta ameshazidiwa.

Tulimkuta uani amekaa na wenzake wawili, chupa iko chini ya kiti. Alinyanyuka kwa furaha. "Shikamoo kaka," akasema mdogo wake, akaitikiwa, akaletewa kiti, akakataa kukaa. Alimwomba waongee pembeni, kaka akasema hana siri na wenzake. Basi akasema pale pale, amesimama.

"Kaka, ile jibu niliyokupa haikuwa ya bia. Ilikuwa mabaki ya vidonge kwenye mashine. Bia haina hiyo dawa, iliyopo ni kidogo haisaidii kitu. Nilikosea."

"Ulisema ipo."

"Nilisema. Niliipenda hiyo jibu kabla sijaipata. Nikasahau kupima maji matupu."

"Sasa si ungenyamaza?" kaka akasema. "Ungeniacha tu. Mimi nilikuwaga nimeshafurahi. Unajua nilivyokaaga humu ndani peke yangu kama mgonjwa?"

"Najua, kaka."

"Hujui. Rudi kwenye mashine yako."

Aliingia ndani, akatuacha na wale wazee wawili ambao hawakujua waangalie wapi. Tulipofika kwenye gari dada yetu alilia, na mimi nikawasha gari. Kaka huyu alikuwa baba yake na mama yake kwa pamoja, na yeye mdogo mtu alikuwa amemnyang'anya furaha mara mbili, ya kwanza kwa kumpa ya uongo na ya pili kwa kuichukua. Kwa miezi mingi kaka akawa anaitikia shikamoo kwenye simu na kumpa mkewe aendelee na maongezi. Yule mfanyabiashara wa Bunda naye, alipoletewa majibu ya makopo yake, alichukua bahasha na hakuonekana tena. Msimu huo Mama Bia alikuwa na ukweli wote na hana mtu wa kumshukuru, na mimi niliyekuwa nakaa mkabala naye niliona jinsi alivyokonda.

Halafu siku moja asubuhi bodaboda ikasimama mbele ya nyumba yake, na kaka akashuka na mfuko wa viazi vitamu. Alikuwa amepungua, lakini macho yake yalikuwa meupe, hayana umanjano wa ini. Waliamkiana, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe, na mwisho dada yetu akauliza, "Nikupe nini kaka, chai au soda?" Kaka alikaa kitini kwanza, akavua kofia, akasema, "Nipe maji matupu." Mimi nilikuwa mlangoni nimekuja kuazima koleo. Nilimwona mdogo wake akisimama pale na glasi mkononi, ameshindwa kwenda jikoni.

Dada yetu alizikwa Butiama, kwenye boma alilokulia. Tulikuwa wengi, na kama kawaida yetu tulisimama mmoja mmoja kumsifu, kila mtu akijitahidi kumpita aliyetangulia. Kiongozi mmoja alisema marehemu katika maisha yake yote hakuwahi kukosea kipimo. Kaka yake, ambaye wote tulidhani ndiye angetangulia, akaomba kipaza sauti. "Nimewasikia. Hiyo si kweli. Alikosea, na aliyekosewa ni mimi. Aliniambia bia ina dawa, nikanywa. Halafu akaja mpaka hapa, akasimama pale mlipofunga turubai, mbele ya wenzangu, akasema kaka nilikosea. Nikamnunia. Alijua nitamnunia, na bado akaja. Asingekuja, ndugu zangu, yeye ndo angekuwa amenizika mimi, tena zamani." Alirudisha kipaza sauti na kukaa, na sikusikia tena sifa nyingine iliyoingia akilini siku ile.

Nimesubiri kidogo kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka majonzi yapungue nisije nikasoma mabaki ya majonzi nikadhani ni yeye. Nimejaribu kupima kwa njia yake. Nimekaa kwenye baraza yangu nikaitazama nyumba iliyo mkabala bila mtu ndani, nikasema haya ndiyo maji matupu, tuone. Kumbe hakuna wa kuniuliza hilo niliandikalo nimelijuaje. Hakuna wa kunicheka nikidanganywa sato. Skrini ilikaa tambarare, na hapo nikajua kwamba ninayemwandika humu alikuwepo kweli na sijamtia chumvi.

Tunaishi wakati ambao habari njema husambaa upesi kuliko moshi. Kila siku kuna jani linaloponya, kidonge kinachotibu, kinywaji kinachosafisha, na wanaotutumia wengi wao wanatupenda, kama dada yetu alivyompenda kaka yake siku aliyotoka nje mbio na simu mkononi. Kukosea kwa sababu ya kupenda ni jambo la watu wote. Kilicho adimu ni safari ya pili, ile ya kurudi mlangoni kwa mtu uliyemfurahisha, ukijua atakununia, ukamwambia ukweli ukiwa umesimama mbele yake. Msomaji wangu, kama yupo mtu uliyempa tumaini ambalo baadaye ulijua si la kweli, na bado analitumia, mfuate leo angali hai. Butiama si mbali.