Aliyeitikia Jina Langu

Usiniambie nilikuwa na njaa. Usiniambie ni jua la Changamwe. Wengi washaniambia hayo na nimewachoka. Niliyaona kwa macho yangu haya, saa nne asubuhi, mchana kweupe. Nyinyi mnaodhani mashetani hungoja usiku, endeleeni kudhani.

Nilikuwa natafuta kazi ya karani wa stoo. Kazi naijua, niliifanya miaka minne kabla Mama hajapooza. Lakini kila nikituma maombi, jibu linarudi kabla sijamaliza kikombe cha chai: tunasikitika. Nani amesoma kurasa tatu upesi hivyo? Bwana Athmani, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Junda, akanicheka.

"Dada yangu, hakuna mtu asomaye. Ni kompyuta hiyo. Yatafuta maneno yake, isipoyaona yakutupa." Akapitisha kidole kwenye kioo. "Na hii miaka mitatu mitupu ndiyo inayokuponza. Ulikuwa wapi?"

"Nikimuuguza mamangu."

"Kompyuta haina mama. Futa."

Nikafuta. Tukanakili moja moja maneno ya tangazo la kampuni iliyotafuta karani, na miaka ya Mama tukaijaza kazi ambayo sikuifanya. Ee, nilidanganya. Nani asiyedanganya? Kesho yake ukaingia ujumbe: nifike Alhamisi, Changamwe, kwa mahojiano.

Tuliketi ukumbini watu kama kumi. Mwanamke aliyekaa kando yangu sikumtazama uso; niliona mikono yake kwanza, nikadhani ni yangu. Pete ile ile ya fedha iliyopinda. Kucha zile zile. Ila kifundo chake cha mkono kilikuwa laini, na changu kina kovu la uji ulionimwagikia nikimlisha Mama. Nikainua macho. Niamini, alikuwa mimi. Mimi niliyelala nikashiba usingizi, mimi nisiyewahi kubadilisha shuka la mgonjwa. Akanitabasamia kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

Hapo kipaza sauti cha ukutani kikaita jina langu, majina yote matatu. Ilikuwa sauti ya mashine, haina mtu nyuma yake.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Sisi tumelelewa hivi: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Binadamu ataita tena, jini huita mara moja tu. Mama alinifunza hivyo hata sijaanza chuo cha Kurani. Na mimi pale nikauma ulimi, nikangoja niitwe mara ya pili.

"Abee," akaitika yule, kwa sauti yangu. Akainuka, akaingia, mlango ukafungwa.

Sikuitwa tena. Nilimwendea askari wa mlangoni na kitambulisho changu. Akatazama orodha yake, akanitazama mimi.

"Dada, huyu ashaingia. Usituletee fujo hapa."

Kazi ameipata. Nimejuaje? Kwa sababu nikiomba kwingine, jibu linakuja kwa upesi ule ule: kompyuta zao zaonyesha nina kazi tayari. Nina kazi! Na hapa nilipo hata sukari ya chai naazima.

Hayo ningeyastahimili. Lakini mwezi uliopita jirani yetu Bi Rehema alikuja kumtazama Mama, akanigombeza mbele yake.

"Jana nimekukuta Changamwe, kadi ya kazi yaning'inia shingoni. Nakuuliza, mama hajambo? Wanijibu, mama yupi?"

Mama hawezi kusema sana, lakini masikio yake ni mazima. Akageuza uso ukutani. Nililia siku ile kuliko siku aliyopooza.

Basi nawe unayeandika maombi leo, danganya ukitaka, yapambe maneno mpaka mashine ishibe. Lakini usimfute mtu wako, hata kwa mstari mmoja. Huyo utakayemwandika atakwenda kuishi bila yeye, na watu watasema ni wewe. Na ukiitwa, itika.

Mimi siku hizi naitika mara ya kwanza. Mama akiniita kutoka chumbani, nasema abee hata hajamaliza jina. Kisha, kwa ule ulimi wake mzito, huniuliza: "Wewe yupi?"