Vinundu vya Mke Mwenzangu

Mume wetu alipofariki tulikaa eda wawili ndani ya nyumba moja, mimi na mke mwenzangu. Eda mnaijua: mjane hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii manukato, anamwombea marehemu na kungoja siku zake ziishe. Hayo yote niliyaweza. Manukato yenyewe nilikuwa nimeshaacha, maana kwa umri wangu nilikuwa nikinukia dawa ya kuchua magoti. Kilichonishinda ni kufungiwa pamoja naye. Mungu amrehemu marehemu, huo ndio uliokuwa wema wake wa mwisho kwangu.

Marehemu alikuwa fundi seremala, hapa hapa Msambweni. Siku moja aliniaga kwamba anakwenda Kombani kununua msumeno. Msumeno hatukuuona. Tulimwona bibi mmoja mwembamba na sanduku lake, na mume wangu nyuma amebeba birika, anatabasamu kama mtu aliyeokota pesa. Basi nyumba ikagawanywa. Chumba changu upande huu wa ukumbi, chake upande ule, na ukumbi wenyewe katikati kama mpaka wa nchi mbili zisizopelekeana mabalozi.

Viti vya ukumbi alivichonga marehemu, na kila mke akavalisha vya upande wake kwa vitambaa vya kufuma. Vyangu ni vya maua, vimelala chini kwa adabu. Vyake vilikuwa na vinundu, vimetunatuna kila mahali. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba upande ule wa ukumbi una surua, wasikae karibu. Wageni walicheka, kisha wakenda wakakaa kule kule, wakivipapasa.

Mimi sikusoma sana. Madrasa nilikwenda mpaka nikazijua herufi, lakini shule ya serikali niliiacha mara babangu alipogundua kwamba mbuzi wake hawajui kujichunga. Kufuma ndiko nilikojua, na nilikuwa nikijisifu nako. Huko kujisifu ndiko kulikonitia mashakani.

Mjukuu wangu, anayefanya kazi hotelini Diani, alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya eda yetu. Nami nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya jamaa wote kwamba vitambaa vya viti vyake vitatoka mkononi mwangu, hakuna cha kununua. Akaja na mfuko wa nyuzi za rangi ya maziwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nikufumie maua gani?"

"Si maua, bibi. Hayo ya flati, ya kulala chini, ni ya kitambo. Nataka vile vya vinundu. Kama vya bibi mdogo."

Aliyasema haya kwa sauti ya watu wa mapokezi, ile ya kusikika mpaka bustanini. Jikoni kijiko cha mke mwenzangu kikaacha kukoroga. Nikasema, "Vinundu ni kazi rahisi." Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata akili. Sikujua kufuma kinundu hata kimoja.

Nikisema siwezi, mtoto ataingia ukweni na vitambaa vya dukani, na wale watu wa upande wa bwana harusi nawajua: ni watu wa kugeuza sahani kutazama chini yake. Watamwuliza, si bibi yako alisema atafuma? Naye atakuwa hana la kujibu, siku zake za mwanzo kabisa nyumbani kwa watu.

Akaniachia simu yake ya zamani, ndani mna mwanamke wa Kizungu anafundisha. Sikatai, alikuwa fundi. Ana kucha ndefu kama za komba, na anafuma mbio kama aliyesikia askari wanabisha hodi. Kila nikimpata, keshafika mwisho wa mstari, anacheka. Nikimrudisha nyuma, yanatokea matangazo ya mafuta ya kupikia. Nilijifunza mengi kuhusu mafuta ya kupikia.

Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa imekaa ng'ambo ya ukumbi inafuma kila siku baada ya adhuhuri. Kumwomba sikuweza. Nikaanza kumwibia kwa jicho la pembeni, sote tumeelekea mlangoni, yeye kwake na mimi kwangu. Akichoma sindano, nachoma. Akivuta, navuta. Nilijiona mjanja. Lakini yeye hufuma kwa mkono wa kushoto, ule mkono ambao mama zetu walitupiga makofi tusiutumie, na mstari wake unakwenda kule ambako wangu unatoka. Nilimwiga hivyo hivyo. Nikapata kitu kilichopinda kama ngalawa iliyopigwa na mwamba, na kila kinundu kimechomoza upande wa nyuma. Mbele palikuwa na vishimo tu.

"Bi Mkubwa," akasema bila kuinua kichwa, "hicho ni kitambaa au ni pweza?"

"Ni kazi yangu."

"Naiona. Vinundu vimekuogopa, vimejificha mgongoni."

Nikafumua. Nikafuma tena, na tena vikajificha.

"Mimi ni wa kushoto," akasema. "Ukiniiga ukiwa ubavuni utaumaliza uzi wa mtoto. Njoo ukae mbele yangu, unitazame kama unavyojitazama kwenye kioo."

"Kioo changu hakina maneno mengi."

"Kina huruma, ndiyo maana."

Nilikaa pale pale mpaka adhana ya alasiri. Nikaswali, na katika dua nikamshtaki kwa Mola wangu, kwa urefu. Kisha nikautazama ule mfuko wa nyuzi. Nikauburuta mkeka wangu mpaka upande wa surua, nikakaa uso kwa uso naye, magoti karibu yagusane.

Kinundu chenyewe, mkitaka kujua, ni hivi. Unasimamisha nguzo tano za uzi katika tundu moja, zikasongamana kama watu kwenye pilau ya bure. Unachomoa sindano, unairudisha kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza, unakikamata kile kitanzi ulichokiacha na kukivuta kipite. Nguzo zinabanwa, hazina pa kwenda, zinatuna. Ndiyo siri yote. Na ukirudi na mstari wa pili, kazi ikiwa imekugeukia, unachoma kwa nyuma, la sivyo ndiyo mambo ya pweza yale. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya wangu wa kulia, ukienda nami, ukinisubiri. Kwa shida sana nakubali kwamba alifundisha vizuri kuliko yule wa kwenye simu, na bila mafuta.

Miaka yote ile nilikuwa sijamtazama usoni. Nilimjua kwa kisogo na kwa kukohoa. Kumbe akivuta uzi huuma mdomo wa chini. Kumbe alikuwa amezeeka, tena bila kuniarifu.

"Mchuzi wako wa pweza," akaniambia siku moja, macho yake kwenye uzi, "niliuchukia kabla sijauonja."

"Umekukosea nini?"

"Kila nikipika, marehemu alisema: ungeonja wa Bi Mkubwa."

Sindano ilinitoka mkononi. "Kwangu alikuwa akikaa anasema: mwenzako ana vidole, vitambaa vyake vina uhai."

"Mimi hakuniambia hata mara moja."

"Wala mimi huo mchuzi."

Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, na mimi nikafuata, nikikumbuka ghafla kwamba tuko eda na majirani wana masikio. Mume wetu alikuwa na sifa za kutosha wake wawili, ila kila moja aliipeleka chumba ambacho si chake.

Lakini kucheka hakumalizi uzi. Eda ilikuwa inakwisha, viti vilikuwa vingi, na mimi kila kinundu nilikifuma kwa kukiombea. Nikaona sitafika. Msiniulize nilivyolisema. Nilisema tu, "Chukua vya mikono ya viti." Akauchukua uzi kana kwamba alikuwa ameshaunyoosha mkono tangu juzi.

Siku ya kupeleka vyombo vya bibi harusi ukweni tulikuwa tumeshatoka eda, tukaenda sote. Wanawake wa upande wa bwana harusi walivitandaza vitambaa, wakavigeuza kama nilivyojua. Shangazi mmoja mnene akavisogeza viwili pamoja.

"Hivi vinundu vinaelekea huku, na hivi vinaelekea kule. Si mkono mmoja huu."

Mjukuu wangu akanitazama. Ningeweza kusema ni mtindo mpya wa Diani, na wangeamini, kwa kuwa kila upuuzi hutoka huko.

"Si mmoja," nikasema. "Mimi na mke mwenzangu huyu. Yeye ndiye aliyenifunza."

Shangazi akatutazama mmoja mmoja, kisha akazitazama sindano mfukoni mwa mwenzangu.

"Mmekaa nyumba moja na hizo sindano, hamkuchomana?"

"Tulikuwa na harusi," akasema mke mwenzangu. "Kuchomana kutangoja."

Mjukuu wangu akavikunja vile vitambaa, vya kulia na vya kushoto pamoja, akaviweka juu ya vyombo vyake vyote.