Waridi la Mzee Tadei na Panya Wake

Jirani yangu mzee Tadei alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini, na hapa Tlawi hakuna mkulima ambaye hajawahi kufokewa naye. Ukibananisha mahindi, anakufokea. Ukimwaga samadi mbichi shambani, anakufokea mara mbili. Kazi amestaafu, kufoka bado.

Mbele ya nyumba yake kuna bustani ambayo watu wanaotoka Yaeda Chini kwenda hospitali husimama kuitazama. Kuna bogenvilia juu ya lango, misonobari iliyokatwa ikalingana, na karibu na mlango lilikuwepo waridi lake, jeupe kama maziwa, lenye ukingo mwekundu.

"Waridi hili ni moja tu Mbulu nzima," alikuwa akisema. Ukimwomba kijiti ukapande kwako, alikukatiza: "Hili halitoki."

Wala si mchoyo wa kila kitu. Ng'ombe wake kadhaa amewagawa kwa marafiki wamfugie, kama wanaume wengi wa huku. Wawili wako Balangdalalu, mwingine kwa shemeji yake, ili ugonjwa ukiingia zizi moja asibaki mikono mitupu. Atakueleza faida ya jambo hilo mpaka chai yako ipoe. Lakini waridi aliliacha pale pale mlangoni, peke yake.

Na yeye alilipata wapi? Alipokuwa chuoni alilivunja kwenye bustani ya mkuu wa chuo, Jumapili moja mkuu akiwa kanisani, akakifunga kijiti kwenye gunia bichi na kumletea mchumba wake Perpetua. Hayo alinisimulia Perpetua mwenyewe, akicheka huku ameshika mbavu.

Perpetua hakuwa mtu wa maneno mengi. Mume akienda mnadani, yeye alichukua mkasi wa kupogolea, akakata kijiti, akakukabidhi juu ya uzio. "Usimwambie mzee," alisema, na basi. Mzee akirudi akakuta matawi yamepungua, aliambiwa ni panya.

Akaanza kutega. Miaka ishirini mzee Tadei alitega panya chini ya waridi lile. Kwenye sala za jumuiya alitufundisha tabia za panya wanaokata maua, namna wanavyopenda matawi machanga, na sisi wanawake tukainamia rozari zetu. La kwangu nililipanda nyuma ya banda la ng'ombe. Siku mzee akija kusalimia, nilikimbia kulifunika kwa kitenge, kana kwamba nimeanika nguo.

Mwaka jana mwezi wa saba Perpetua alifariki. Mzee akaacha kufoka. Alipita njiani akaona mahindi yangu yamebanana, hakusema kitu, na hapo nikajua ameumia kweli.

Misa ya mwaka ilipokaribia aliniambia, "Mama Abel, nataka kitu kimoja tu. Siku hiyo nimpelekee waridi lake kaburini. Nililileta mimi, akalipanda yeye. Sina kingine tulichokianza pamoja."

Sasa ili lichanue siku ile ile, yule bwana shamba wa miaka thelathini alizoa samadi mbichi zizini akaifukia shinani. Wiki iliyofuata akaongeza mbolea ya urea, viganja viwili. Majani yakaanza kuungua pembeni. Akasema lina njaa, akaongeza tena. Ningefanya hivyo mimi, sauti yake ingefika Balangdalalu.

Wiki tatu kabla ya misa nilimkuta ameketi kizingitini, shina jeusi likiwa magotini pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeliua mwenyewe, mama Abel."

Nililia, sitaki kudanganya. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa ajili ya kile kitenge. Nilikuwa nimemwahidi marehemu kwamba sitasema, na ahadi kwa marehemu si kitu cha mchezo. Lakini nilijua Perpetua asingenishukuru kwa kumwacha mumewe pale na shina lililokufa.

"Twende kwangu, mzee. Kuna kitu ukaone."

Nikampeleka nyuma ya banda, safari hii bila kukimbilia kitenge. Waridi lilikuwa na maua matano na machipukizi mengi. Alilitazama, akashika jani, akaligeuza kama anayetafuta ugonjwa. Nikasubiri kufokewa.

"Nani alikupa?"

"Panya," nikasema.

Akanigeukia. Midomo ikaanza kumcheza, nikafikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Ikabidi nimletee ndoo aikalie.

"Miaka ishirini nanunua mitego," akasema. Kisha akafuta macho. "Wapo wangapi?"

"Siku ya misa utaona, mzee."

Siku ya misa, baada ya baraka ya mwisho, wanawake walikwenda kaburini mmoja mmoja, kila mmoja na waridi jeupe lenye ukingo mwekundu. Fransiska, mke wa katekista, alileta kikapu kizima. Mzee Tadei alivua kofia, akamshika mkono kila mwanamke, hakufoka hata neno. La kwake, nililomkatia asubuhi, aliliweka mwisho.

Nilimpa na kijiti. Amekipanda pale pale mlangoni, safari hii kwa samadi iliyooza vizuri, na kimeshika, tayari kina matawi. Juzi Gaudensia, aliyeolewa hapa karibuni na hajui habari zetu, alisimama langoni akaomba kijiti.

"Hili halitoki!" Njia nzima tulisikia.

Yule binti akaondoka ameinamisha kichwa. Mzee akangoja kidogo, akachukua mkasi wa Perpetua, akautundika kwenye uzio, upande wa njiani. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, akilalamika kwa sauti kubwa kwamba mwaka huu panya wamezidi.